Fidia, neno lililofukuzwa Paris

Kila Novemba, mkutano mkuu wa tabianchi ukishafunguliwa katika jiji fulani la mbali, vyombo vyetu vya habari hurudia kichwa kilekile: nchi tajiri kulipa fidia ya mabadiliko ya tabianchi. Nimekisoma magazetini, nimekisikia redioni, nimekiona kikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na picha ya nyumba iliyozama hadi paani. Nia ya kichwa hicho ni njema. Lakini si cha kweli, na madhara yake yanazidi yale ya kosa la kawaida la tafsiri.

Hakuna mkataba wa kimataifa wa tabianchi unaosema nchi tajiri zitalipa fidia. Mkataba wa Msingi wa Umoja wa Mataifa wa 1992 hausemi hivyo. Itifaki ya Kyoto ya 1997 haisemi. Mkataba wa Paris wa 2015 hausemi, na tena ulipitishwa kwa uamuzi ambao aya yake ya 51 inatamka kwamba kifungu cha 8, kinachohusu hasara na uharibifu, hakihusishi wala hakitoi msingi wa dhima au fidia yoyote. Neno lenyewe halikusahauliwa. Lilitajwa kwa jina, kisha mlango ukafungwa.

Waliodai neno hilo walianza mapema. Mwaka 1991, mkataba wa kwanza ukiwa bado rasimu, Vanuatu iliwasilisha pendekezo kwa niaba ya visiwa vidogo: uundwe mfuko wa bima, nchi za viwanda zichangie kwa kadiri ya utajiri wao na hewa chafu wanayotoa, na bahari ikimeza kisiwa, wakaaji wake walipwe. Pendekezo lilikataliwa. Kilichobaki katika mkataba wa 1992 ni neno "bima", lililopenyezwa katikati ya sentensi ndefu ya kifungu cha 4. Ilipita miaka 22 kabla ya hasara na uharibifu kupata chombo chake, Warsaw mwaka 2013, katika mkutano uliofunguliwa siku tatu tu baada ya kimbunga Haiyan kuivunjavunja Ufilipino. Mfuko wenyewe ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai tarehe 30 Novemba 2023. Jina lake ni Mfuko wa Kushughulikia Hasara na Uharibifu. Walioliandika walikusudia "kushughulikia". "Kufidia" walilikwepa makusudi.

Tofauti hii ina uzito, na Mswahili yeyote aliyewahi kugongwa na gari anaijua. Anayelipa fidia anadaiwa. Kiasi kinatokana na madhara, na aliyeumia ana haki ya kwenda mahakamani. Anayetoa msaada hadaiwi kitu. Yeye ndiye anayechagua kiasi, siku, na masharti. Tunapoandika "fidia" mahali ambapo mkataba umeandika "kushughulikia", tunamwambia mkulima aliyezamishwa na maji kwamba ana mdeni, wakati karatasi inasema ana mfadhili. Akisubiri miaka mitatu bila kuona senti, atadhani serikali yake imekula. Wakati mwingine itakuwa imekula kweli, lakini hilo ni jambo jingine.

Tuliangalie kwa karibu, katika Bonde la Rufiji. Watu wa huko wamelima kwenye tope la mafuriko kwa vizazi. Kilimo cha mlau hufuata maji yanapoteremka, mbegu ikatiwa katika ardhi ambayo bado imelowa. Katikati ya shamba husimama dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambako mtu hukaa akilinda mazao dhidi ya nguruwe pori na nyani, na maji yakija yanapita chini yake. Wajumbe wa mikutano wana neno kwa ajili ya dungu: kuhimili. Ni kujipanga mapema ili balaa likija likukute umeinuka. Kupunguza ni neno jingine kabisa. Hilo linahusu kuzuia gesijoto pale zinapotoka, kwenye mitambo ya makaa ya mawe, viwanda vya saruji, magari na ndege, na mkulima wa Mohoro, huko huko bondeni, hana namna ya kulitekeleza hata akilizima jiko lake la kuni leo hii. Halafu kuna hasara na uharibifu. Hilo ni jina la kile kinachotokea maji yakilipita dungu.

Aprili 2024 yalilipita. Mashamba, nyumba na shule za Rufiji na Kibiti zikawa ziwa, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani ileile. Papo hapo ubishi ukazuka. Wapo wananchi waliolaumu kufunguliwa kwa maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huohuo upande wa juu. Serikali ikajibu kwamba bonde hilo limekuwa likifurika tangu zamani. Wataalamu wa hali ya hewa wakataja El Niño. Kila jibu lina sehemu yake ya ukweli, na hapo ndipo ninapoona ugumu wa neno fidia: linataka ushahidi wa nani kafanya nini. Mfuko wa Dubai hautaki ushahidi huo kwa sababu haumshitaki mtu. Kuna faida katika hilo, kwani mtu wa Mohoro hahitaji wakili ili apate unga. Kuna hasara pia: mfuko usiomshitaki mtu hauna wa kumlazimisha atoe. Hadi mwaka 2025 ahadi zote zilizowekwa humo zilikuwa zaidi ya dola milioni 700, kwa dunia nzima, na kati ya kuahidi na kutoa kuna mwendo.

Kuhusu ahadi, Kiswahili kinaweza kuufafanua Mkataba wa Paris kuliko lugha nyingi, kwa sababu nguzo yake kuu ni neno tunalolitumia kila wiki. Kila nchi huwasilisha mchango uliojiamuliwa na taifa, ule unaofupishwa NDC. Mchango! Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ameshaelewa nusu ya mkataba. Kadi inaletwa, ina mstari mtupu wa ahadi. Hakuna anayekupangia, unaandika mwenyewe. Kamati haiwezi kukupeleka polisi. Inachoweza ni kukutana kila Jumapili, mhazini akasoma daftari kwa sauti: jina, ahadi, alichotoa, baki. Aibu ndiyo bunduki pekee iliyomo chumbani. Paris ni hivyohivyo. Nchi hujiandikia kila baada ya miaka mitano, na kila ahadi mpya inatakiwa ivuke iliyotangulia. Kifungu cha 13, cha uwazi, ndicho daftari la mhazini. Kifungu cha 14, cha tathmini ya pamoja, ndicho kikao chenyewe, na cha kwanza kilihitimishwa Dubai mwaka 2023. Kifungu cha 15 kinaunda kamati ya kusimamia utekelezaji na papo hapo kinaifunga mikono: itafanya kazi bila ugomvi na bila adhabu.

Kwa nini wakubali daftari lisilo na adhabu? Kwa sababu lenye adhabu lilishajaribiwa. Kyoto haikuwa na kadi ya mchango, ilifanana zaidi na kodi. Nchi za viwanda zilipangiwa viwango, kwa jumla angalau asilimia 5 chini ya hewa chafu ya mwaka 1990, vitimizwe kati ya 2008 na 2012, na aliyeshindwa alipaswa kufidia pengo katika awamu inayofuata pamoja na nyongeza ya asilimia 30. Marekani ilitia saini lakini haikuridhia kamwe. Canada ilipoona haitafikia kiwango chake ilitangaza kujitoa Desemba 2011, na adhabu ikabaki kwenye karatasi. Paris ilizaliwa kutokana na funzo hilo, na hata hivyo Marekani imetoka mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Trump akasaini tena amri ya kutoka. Mimi si miongoni mwa wanaoubeza mkataba huu. Mkataba ambao karibu kila nchi duniani imeandika chochote ni bora kuliko ule ulioachwa na wakubwa. Ninachokataa ni kutangaza ahadi kana kwamba fedha zimeshaingia kwenye akaunti.

Hata ndani ya Paris palikuwa na vita ya lazima na hiari, na ilipiganwa juu ya neno moja. Jioni ya tarehe 12 Desemba 2015, rasimu ya mwisho ikiwa mezani, wanasheria wa Marekani waligundua kuwa kifungu cha 4 kilisema nchi zilizoendelea "shall" kuendelea kuongoza kwa kuweka malengo ya kupunguza. Katika rasimu zilizotangulia palikuwa na "should". Neno la kwanza ni sharti la kisheria, na lingewalazimu kuupeleka mkataba kwenye Seneti, ambako ungekufa. Ukumbi wa mataifa yote ulisubiri. Mwishowe ofisa wa sekretarieti alisoma orodha ya masahihisho ya uchapaji, na katikati ya koma na nukta neno likabadilika. Nyundo ikagongwa.

Nimewahi kujiuliza tungelitafsirije tukio hilo. Sheria zetu za Kiswahili hutumia "-ta-" kwa lazima: "Waziri atateua", "Mahakama itasikiliza". Kiambishi hichohicho ni cha wakati ujao. "Nchi zilizoendelea zitaongoza" ni amri, au utabiri? Mtafsiri makini angeandika "zinalazimika" kwa rasimu na "inafaa ziongoze" kwa kilichopitishwa. Katika tafsiri nyingi ninazokutana nazo zote mbili zimekuwa "zitaongoza", na msomaji ananyimwa habari kubwa kuliko zote za usiku ule.

Sasa tarakimu. Umoja wa Ulaya umeahidi kupunguza gesijoto kwa angalau asilimia 55 ifikapo 2030. Kenya, katika mchango wake wa 2020, iliahidi asilimia 32 ifikapo mwaka huohuo. Tanzania, mwaka 2021, kati ya asilimia 30 na 35. Ukizipanga hivyo unaona wakimbiaji watatu kwenye njia moja. Sivyo. Ulaya inahesabu kutoka mwaka 1990, kutoka kwa moshi uliotoka kweli na kupimwa. Kenya na Tanzania zinahesabu kutoka kwenye makadirio: kiasi ambacho kingetoka mwaka 2030 kama kila kitu kingeendelea kama kawaida. Kwa Kenya kiasi hicho ni tani milioni 143. Kwa maneno mengine, Ulaya inapunguza kilichokuwepo, sisi tunapunguza kile ambacho kingekuwepo, na hewa yetu chafu inaweza kupanda kila mwaka huku ahadi ikitimia.

Hakuna udanganyifu hapo, mkataba unaruhusu. Asili yake ni kanuni ya 1992 ya wajibu wa pamoja lakini unaotofautiana: wote tuna wajibu, ila hatukuchafua sawa na hatuna uwezo sawa. Afrika nzima hutoa asilimia 4 hivi ya gesijoto za dunia. Lakini msingi wa kufikirika una hatari yake. Ukiukadiria juu sana, unapata sifa bila kufanya kazi. Na ahadi zetu nyingi zina sharti chini yake kwa herufi ambazo vichwa vya habari havifiki: tutafanya haya iwapo fedha za nje zitakuja.

Fedha hizo, je? Copenhagen mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, kiwango kilifikiwa 2022, kuchelewa miaka miwili, na mwaka huo zilihesabiwa bilioni 115.9. Fungua hesabu hiyo ndani. Zaidi kidogo ya theluthi mbili ya fedha za umma zilizomo ni mikopo, na mkopo huhesabiwa kwa thamani yake yote, siyo kwa ile nafuu ya riba. Nikikukopesha shilingi laki moja ujenge ukuta wa kuzuia maji niliyokumwagia mwenyewe, kisha ukanirudishia laki na kumi, kwenye daftari la tabianchi mimi ndiye niliyekusaidia laki. Mkataba wa 1992 ulisema fedha ziwe "mpya na za nyongeza". Hakuna mkutano uliowahi kuamua kwa pamoja maneno hayo yana maana gani, kwa hiyo barabara iliyokuwa kwenye bajeti ya misaada mwaka jana inaweza kupakwa rangi ya kijani mwaka huu na kuhesabiwa upya. Baku mwaka 2024 kiwango kilipandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kundi la Afrika lilikuwa limekwenda na madai ya trilioni 1.3. Tarakimu hiyo imo kwenye uamuzi, ila kama lengo ambalo "wadau wote" wanaitwa kulifanyia kazi. Na Belém, Novemba 2025, fedha za kuhimili, zile za dungu, zilipata "wito wa juhudi" za kuziongeza mara tatu ifikapo 2035. Soma tena: si ahadi, si hata wito wa kutoa. Ni wito wa juhudi.

Nije kwenye soko, kwa sababu huko maneno ya mikataba yanafika hadi kijijini kwa miguu. Kyoto ilianzisha Utaratibu wa Maendeleo Safi. Kiwanda cha Ulaya kilichoshindwa kupunguza moshi wake kingeweza kununua hati kutoka mradi uliopunguza katika nchi maskini. Afrika iliambulia chini ya asilimia 3 ya miradi. Wingi ulikwenda China na India, na sehemu nono ya hati ilitoka kwa viwanda vichache vya gesi za majokofu. Viwanda hivyo vilitoa taka iitwayo HFC-23, ambayo tani moja yake ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kuichoma taka hiyo ni kazi rahisi, na hati zake zilileta pesa kuliko gesi yenyewe, hata vikawepo viwanda vilivyoshukiwa kuzalisha zaidi ili viwe na taka zaidi ya kuchoma. Ulaya ilizipiga marufuku hati hizo kuanzia 2013.

Gesi za jamii hiyohiyo zilipata dawa yao karibu na kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yaliongeza marekebisho kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni: nchi tajiri zianze kupunguza 2019 na zifike asilimia 85 mwaka 2036, nyingine zifuate kwa ratiba yao. Hakuna mchango wa kujiandikia hapo. Kuna gesi zinazojulikana kwa majina, watengenezaji wanaohesabika, tarehe, na mfuko unaolipa gharama ya kubadili mitambo. Kila mtu akiniambia haiwezekani kuandika mkataba wa tabianchi wenye meno, namtajia Kigali.

Sasa twende Ghuba ya Gazi, Kwale, kusini mwa Mombasa. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza hati za kaboni za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yameingia kwenye maji ya bomba na shule. Ni mradi mdogo na unaoheshimika, na ndiyo sababu nauchagua kuelezea maneno matatu ambayo kila kijiji kinachofuatwa na dalali wa kaboni kinapaswa kuyajua.

La kwanza ni nyongeza: mikoko hiyo isingekuwepo, au isingesimama, bila pesa ya mradi. Msitu ambao tayari unalindwa na hautishiwi na mtu hauna cha kuuza. La pili ni kuvuja, na hapa Mpwani haelekezwi. Mikoko ni boriti. Ni fito, pau na nguzo. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopima chumba, na majahazi yalibeba boriti hizohizo hadi Oman na Ghuba kwa karne nyingi. Ukifunga msitu wa Gazi, watu wataendelea kuezeka, na shoka litahamia ghuba ya jirani. Hewa ukaa uliyoiuza kuwa imebaki imevujia kule. Gazi walilijibu hilo kwa kupanda mivinje nchi kavu, ili mtu apate nguzo bila kugusa mikoko. La tatu ni kudumu. Tani iliyouzwa leo inatakiwa ikae mtini na kwenye tope kwa miongo, na mkataba unamfunga mtoto ambaye hajazaliwa asikate.

Nimewaona watu wakipima mikoko. Wanasubiri maji yatoke, wanaingia kwenye tope hadi magotini, wanazungusha kamba ya kupimia kwenye shina juu ya mizizi yake iliyojipinda, mmoja anasoma, mwingine anaandika kwenye daftari lililofungwa kwenye nailoni. Namba hiyo ndiyo bidhaa. Itasafiri, itapita kwa mkaguzi, na mtu wa mbali ataitumia kusema safari yake ya ndege haikuchafua.

Swali linalofuata ni nani anaihesabu. Mikoko Pamoja huuza kwenye soko la hiari, la wanunuzi wasiolazimishwa na mkataba. Kifungu cha 6 cha Paris, ambacho kanuni zake zilikamilishwa kwa sehemu kubwa Glasgow mwaka 2021, kinafungua soko la serikali kwa serikali, na humo mna utaratibu wa marekebisho sambamba. Ni hesabu ya mfugaji: ng'ombe akiuzwa anatoka kwenye boma la muuzaji na kuingia la mnunuzi, hawezi kuhesabiwa kote. Ghana na Uswisi walitia saini makubaliano ya aina hii mwaka 2020. Nchi ikiuza tani kwa njia hiyo, inaifuta kwenye mchango wake yenyewe. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Tani rahisi, za msitu na majiko banifu, ndizo zinazonunuliwa kwanza. Tukiziuza zote kwa bei ya leo, mwaka 2035 tutabaki na ahadi yetu wenyewe na kazi ngumu tu za kuitimiza. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inaipa jamii asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya kuondoa gharama. Nitakuwa radhi siku nitakapoona mikataba hiyo imeandikwa kwa Kiswahili kwanza, na neno "gharama" likiwa na ukomo.

Kwa haki, sisi pia tunajificha nyuma ya maneno. Mkataba wa Paris hautaji kabisa makaa ya mawe, mafuta wala gesi. Glasgow, dakika za mwisho, India iliomba makaa ya mawe "yapunguzwe" badala ya "kuondolewa", na ikapata. Dubai mwaka 2023 ndipo mataifa yalipokubali kwa mara ya kwanza kuhama kutoka kwenye nishati ya kisukuku, na aya moja baadaye yakatambua "nishati ya mpito". Kila mtu ukumbini alijua neno hilo linamaanisha gesi. Tanzania yenye gesi ya Mtwara na Songo Songo, na Uganda inayojenga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, zinayo haki ya kudai muda mrefu zaidi kuliko Norway. Lakini mpito ni njia yenye mwisho, na sijaona katika hotuba za viongozi wetu mwaka ambao mpito wetu utaisha.

Na fidia? Neno lililofukuzwa Paris limepita njia nyingine. Vanuatu, ileile ya 1991, iliongoza mataifa kuomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wa The Hague walisema kwa kauli moja kwamba wajibu wa kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, na nchi inayoukiuka inaweza kuwajibishwa, pamoja na kulipa fidia, endapo utaonekana uhusiano wa moja kwa moja na wa hakika kati ya kosa na madhara. Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu. Hata hivyo, aya ya 51 inafunga mlango wa kifungu cha 8 tu, na sheria ya kimataifa ina milango mingine. Mmoja uko Arusha. Mei 2025 Umoja wa Mawakili wa Afrika ulipeleka ombi kama hilo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ukiuliza serikali zetu zenyewe zina wajibu gani kwa watu wao katika janga hili. Katika ombi la namna hiyo maswali yote mawili ya mtu wa Mohoro yanaweza kuguswa kwa pamoja, la moshi wa mbali na la mageti ya bwawa.

Kwa hiyo Novemba ijayo nitaandika hivi: pesa ikitoka kwenye mfuko ulioanzishwa Dubai, ni msaada wa hasara na uharibifu, na nitataja kama imeahidiwa au imetolewa. Ikiwa ni mkopo, nitaandika mkopo. "Fidia" nitaliweka kando hadi jaji aitamke kwa kiasi na jina la anayelipa.